Kitabu Sikioni, Mzigo Begani

Leo nimekuja na vitabu. Vyote vimo ndani ya simu, kwa sababu ni vitabu vya sauti: mtu amekaa studio, amekisoma kitabu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akarekodiwa, na wewe unamsikiliza huku ukiendelea na shughuli zako. Kwa muda sasa nimekuwa nikivisikiliza nikiwa Kariakoo, nikitembea, nikisubiri mzigo dukani, nikiwa nimebanwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Gerezani. Baadhi yake vimenikaa moyoni kiasi kwamba nitakosa raha nisipowasimulia.

Mtu atashangaa: Kariakoo na kusikiliza kitabu vinakutana wapi? Ukiingia Mtaa wa Kongo, kila baada ya hatua chache kuna spika inanadi bei, sauti iliyorekodiwa asubuhi ikijirudia mpaka magharibi. Mikokoteni inapiga kelele za njia, bodaboda wanapiga honi. Lakini tazama masikio ya watu. Fundi aliyeinamia cherehani barazani ana hedifoni upande mmoja, upande wa pili ameuacha wazi ili amsikie mteja. Kijana aliyekaa nyuma ya kirikuu akingoja kupakia ana yake. Mlinzi wa usiku kwenye frem za simu Mtaa wa Aggrey ana yake. Dada msusi, ambaye akishika kichwa cha mteja mikono yake haina nafasi tena hadi alasiri, simu ameiweka juu ya meza ya vioo na saluni nzima inasikiliza. Muziki una watu wake, mpira una watu wake, mawaidha na mahubiri vilevile. Lakini ukiuliza utakuta wengi wanafuatilia hadithi, simulizi ya sehemu thelathini au arobaini, na kesho yake wanaulizana, "Umefika wapi? Yule mwanamke amerudi?"

Watu hawa ndio wanaosemwa kila siku kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Mikono yao imeshikwa na kazi, macho yao yameshikwa na kazi, kiungo kilichobaki huru ni sikio. Nami ninachokitaka leo ni kimoja tu: sikio hilo lipewe vitabu bora tulivyonavyo, na visomwe na wasomaji wanaojua kusoma. Kwa sababu kitabu kikishageuka sauti, anayekisoma anabeba nusu ya kazi ya mwandishi. Akikisoma vibaya, hata kitabu kikubwa kinalala.

Nianze na kilichonishika kuliko vyote: Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 2020, na toleo la sauti nililolisikia limesomwa na Damian Lynch, kwa utulivu, bila kuharakisha. Hadithi iko pwani yetu hii, wakati wa Wajerumani na baada yao. Yumo Khalifa, karani wa mfanyabiashara, mwenye baba Mgujarati na mama Mwafrika. Yumo Ilyas, aliyechukuliwa akiwa mtoto na askari wa Kijerumani, akakua akiwapenda waliomchukua, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza akaenda mwenyewe kuwapigania. Yumo Afiya, dada yake. Na yumo Hamza, kijana anayejiandikisha jeshini na kugundua, siku za mwanzo kabisa, kwamba ameingia mahali ambapo si rahisi kutoka.

Kuna sehemu ya Afiya ambayo kama ningekuwa naisoma kwenye karatasi ningeiruka. Mzee anayemlea anagundua kwamba msichana amefundishwa kuandika. Anampiga kwa kosa hilo, anampiga hadi mkono unaharibika. Ukisoma kwa macho, macho hukwepa. Unashuka mistari mitano, unapumua, unaendelea. Sikio halina pa kukwepea. Nilikuwa nimesimama Mtaa wa Msimbazi, nimeshika mfuko wa nyanya, na sikuweza kuvuka barabara mpaka sehemu ile ilipokwisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya wasichana wote wa pwani waliofichwa kalamu, na ninamshukuru Gurnah kwa kutotuhurumia.

Na kuisikiliza riwaya hii Kariakoo kuna uzito wake. Wengi tunajua jina la mahali hapa lilitoka wapi: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, kilichokuwa na kambi yake hapa baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Tunalijua kama jibu la mtihani. Lakini wapagazi walikuwa watu. Walibeba unga, risasi na vipande vya mizinga kutoka pwani hadi bara, kwa miguu, porini, wengi wao wakiwa hawakuombwa ridhaa. Walikufa kwa maelfu mengi, na kuhara, malaria na njaa viliwaua zaidi ya risasi. Gurnah anawaonyesha wapagazi wa upande wa Wajerumani, wale waliotembea nyuma ya kikosi cha Hamza wakidondoka njiani, na baada ya kumsikiliza huwezi tena kumtazama kijana wa Kariakoo aliyebeba robota la mitumba mgongoni ukampita hivihivi. Mizigo bado inabebwa kwa mgongo katika mtaa ulioitwa kwa jina la wabeba mizigo. Hilo si jambo dogo kwangu.

Sasa sikiliza jambo ambalo nililijua baadaye, na likaniongezea hamu. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotuletea vitabu vya sauti. Mwaka huohuo wa 1916, kwenye mapigano ya Somme kule Ufaransa, afisa kijana wa Kiingereza aitwaye Ian Fraser alipigwa risasi akapoteza macho yote mawili. Walikuwepo vijana wengi waliorudi vitani vipofu kama yeye, na wengi hawakuweza kuzoea maandishi ya nukta. Fraser akawa kiongozi wa taasisi ya St Dunstan's iliyowahudumia wanajeshi vipofu, na miaka ikapita akihangaika kutafuta njia ya kuweka kitabu kizima kwenye sahani za santuri. Sahani za kawaida zilimalizika haraka mno. Ikabidi zitengenezwe zinazozunguka polepole, upande mmoja ukichukua kama dakika 25, na riwaya moja ikahitaji sahani kumi hivi. Novemba 1935 vitabu vya kwanza vilianza kutumwa kwa vipofu wa Uingereza. Miongoni mwa vilivyotangulia kulikuwa na Typhoon ya Joseph Conrad na The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie.

Ndiyo maana kitabu changu cha pili kilikuwa hicho cha Christie. Kilichapishwa mwaka 1926 na leo kina matoleo kadhaa ya sauti. Nililolisikiliza limesomwa na Hugh Fraser, mwigizaji aliyecheza Kapteni Hastings kwenye filamu za televisheni za Poirot. Mpelelezi Poirot amestaafu, amehamia kijijini, analima mung'unye na kuzichukia. Tajiri wa kijiji anakutwa amechomwa kisu ndani ya chumba chake cha kusomea. Anayetusimulia yote ni daktari wa kijiji, Sheppard, mtu mpole, mwenye dada mbea kuliko kijiji kizima. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba mtu akikunong'oneza sikioni kwa muda mrefu unaanza kumwamini kama ndugu yako, na hakuna riwaya iliyonifanya niione nguvu hiyo wazi kama hii. Wanaoijua wananielewa. Ambao hamjaijua, msiulize mtu yeyote mwisho wake, isikilizeni.

Nilipomaliza Poirot nikamkumbuka wa kwetu, na hamu ikanipanda. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiye na haraka, kiko mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni. Mzee mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa. Kila mmoja yuko tayari kuwasingizia mizimu. Bwana Msa hawasingizii. Utamu wa riwaya ile umo katika maneno ya watu: Kiunguja cha shamba, Kiunguja cha mjini, kejeli ya mama mtu mzima, kigugumizi cha mwenye jambo la kuficha. Hayo yote yanalia yasomwe kwa sauti. Lakini yanamtaka mtu wa Unguja, au aliyeishi Unguja hadi kikamwingia. Mtu wa bara mwenye sauti nzuri tu hatoshi; atayasoma maneno na kuuacha utamu wake kwenye karatasi.

Kwenye YouTube na kwenye vibanda vya kuingizia vitu kwenye memori kadi, mpelelezi anayetawala ni Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ya mwaka 1974 inampeleka Nairobi kutafuta nyaraka za siri zilizoibwa, nyaraka za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika makao yake yalikuwa hapahapa Dar es Salaam. Ni hadithi ya mbio. Sura fupi, mazungumzo makali, kila mlango una mtu nyuma yake. Inalifaa sikio la mtu anayefanya kazi, kwa sababu ukikatizwa na mteja unarudi na kujikuta mahali pako bila shida.

Nimesikia rekodi za aina hiyo nyingi, za riwaya za zamani na za simulizi zinazoandikwa sasa. Wapo vijana wanaosoma vizuri sana, wanaojua kuvuta pumzi kabla ya neno zito. Nawavulia kofia. Ila mambo mawili yananiuma. La kwanza ni muziki. Mtu anauawa, kinanda. Mtu anapika chai, kinanda. Mwisho msikilizaji hajui ashtuke lini. Msomaji mzuri hahitaji kupigiwa muziki nyuma ya kila sentensi. Kimya cha nusu dakika kinatisha kuliko ngoma. La pili ni kubwa zaidi. Rekodi nyingi hazitaji ruhusa ya mwandishi wala familia yake, na mara nyingine hata jina la mwandishi halitajwi. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, tuna COSOTA inayosimamia hakimiliki. Kukisoma kitabu cha mtu na kukiweka hadharani kikakuletea fedha ni kukitumia kitabu cha mtu. Wapo waandishi wa nchi hii walioburudisha watu mamilioni na wakafa maskini. Kijana mwenye maikrofoni nzuri asiwe mtu wa mwisho katika foleni ya waliowanyonya.

Tuhamie kwenye maisha ya watu waliojisomea wenyewe. Born a Crime ya Trevor Noah, ya mwaka 2016, ndiyo nitakayomshauri anayeanza. Noah alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1984, mama Mxhosa na baba Mzungu wa Uswisi, wakati ambapo sheria za ubaguzi zilifanya mahusiano yao kuwa kosa la jinai. Kitabu kilichochapwa ni kizuri. Kitabu kilichosomwa na mwenyewe ni kingine kabisa. Anaingia kwenye Kixhosa na vidoko vyake, anahamia Kizulu, anarudi Kiingereza, anaiga Kiafrikaansi cha polisi, na unaelewa kwa nini lugha ziliokoa maisha yake mtaani. Hayo karatasi haiwezi kukupa. Sura ya kwanza wanapanda basi dogo la abiria Jumapili usiku, dereva na mwenzake wanageuka kuwa wakali, na mama anamsukuma mtoto nje ya gari likiwa linakwenda, kisha naye anaruka amekumbatia kichanga. Yeyote aliyewahi kukosana na konda usiku anaijua hofu ile. Nilicheka, na baadaye katika sura ya mwisho, ile ya mama yake na bunduki, nililia hadharani na sikujali.

Barack Obama naye amejisomea Dreams from My Father. Kitabu ni cha mwaka 1995, na sauti yake ilimpatia tuzo ya Grammy mwaka 2006, kabla hajawa rais. Ndugu zake wa Kenya anawaigiza kwa lafudhi zao, na anawaigiza kwa mapenzi. Ubaya wake ni kwamba toleo lile limefupishwa, na mimi ufupisho nauona kama dhuluma kwa msikilizaji. Tupeni kitabu chote. Tutajua wenyewe pa kupumzika.

Kuna aina moja ya vitabu ambayo hapa Kariakoo ina wapenzi kuliko riwaya, nayo ni vitabu vya kutafuta fedha. Vingi vyake sivipendi. Vinamwambia mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda kufuata mzigo kwamba umaskini wake unatokana na fikra zake. Lakini kimoja nakisifu, nacho ni The Richest Man in Babylon cha George Clason, kilichoanza kama vijitabu mwaka 1926 ambavyo mabenki na makampuni ya bima yaliwagawia wateja. Clason alifanya busara: hakutoa mhadhara, alitoa hadithi. Wachuuzi wa ngamia, watengenezaji wa magari ya farasi, wakopeshaji wa dhahabu, watu wa soko. Ndiyo maana kinasikika vizuri sana. Sura ya Dabasir ndiyo bora. Amekimbia madeni, ameishia utumwani, amerudi mjini kwake, na anawafuata wadai wake mmoja mmoja. Kipato anakigawa: sehemu moja ya kumi ya kuweka, mbili za kulipa madeni, saba za kula yeye na mkewe. Nilimsikilizisha mama mmoja anayeuza dagaa, nikimtafsiria, naye akaniambia hesabu hiyo kwenye kikoba chao wanaifanya miaka yote, ila Dabasir hana shangazi aliyelazwa Muhimbili. Alisema kweli. Kitabu hakina jamaa wanaotegemea kipato cha mtu mmoja, na hapo ndipo hesabu ya mtu wa Kariakoo inapokuwa ngumu.

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Nchi hii ililelewa na sauti. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na waliokua na Radio Tanzania wanakijua kipindi cha Mama na Mwana, Deborah Mwenda akisimulia na watoto wa mtaa mzima wamekaa kimya mbele ya redio moja yenye betri zilizoanikwa juani. Pwagu na Pwaguzi wa redioni walitufundisha kwamba mtu unaweza kumjua vizuri bila kumwona uso. Na Julai 1993 ukaanza mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu, na mkewe Tunu, wakawa majirani wa kila nyumba. Watafiti waliufuatilia kwa makini. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo ule hadi mwaka 1995 ili walinganishe, na walikokuwa wanausikia waliingia kwenye uzazi wa mpango kwa wingi zaidi kuliko wasiousikia. Hadithi nzuri, ikisomwa au kuigizwa vizuri, inabadilisha maamuzi ndani ya vyumba vya kulala. Nani tena atasema ni burudani tupu?

Majirani zetu wana mfano mwingine ninaoupenda mno. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kikikuyu akiwa gereza la Kamiti, kwenye karatasi za chooni. Ilipochapishwa mwaka 1980 watu wasiojua kusoma waliikimbilia vilevile. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza ilivyokuwa. Familia ziliitana jioni, anayejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula. Na kwenye baa alitokea msomaji ambaye akifika mahali patamu, glasi yake ikiwa tupu, anakiweka kitabu chini mpaka wateja wamjazie. Mwaka 1982 riwaya hiyo ikapata Kiswahili chake, Shetani Msalabani. Kwa maoni yangu yule msomaji wa baa ndiye msomaji wa kwanza wa kulipwa wa vitabu vya Afrika Mashariki, na malipo yake yalikuwa ya haki. Kazi ya kusoma ilipe.

Basi niseme ninachotamani, na wachapishaji wa Dar es Salaam kama wananisikia wanisikie. Natamani Peponi, tafsiri ya riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise, aliyoifanya Ida Hadjivayanis na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022, isomwe kwa sauti ya mtu aliyekulia pwani, tangu Yusuf anapokabidhiwa kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake hadi misafara inapoingia bara. Natamani Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, isikike kwenye masikio ya makuli wenyewe wakiwa kwenye kazi yao. Atakayeisoma awe na kifua. Kuna kelele za bandarini mle ndani, kuna mikutano ya siri, na sauti nyembamba haitazibeba.

Lakini kama ningepewa ruhusa ya kimoja tu, ningechagua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, wa mwaka 1958. Siti alitoka Fumba, kwenye nyumba ya wafinyanzi, akitembeza vyungu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa inamtangulia kwa wanunuzi. Hakusoma shule. Nyimbo zote aliziweka kichwani kwa kuzisikia. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, akaimba mbele ya mashine za kurekodia, na santuri zake zikauzwa pwani yote, zikisikilizwa na watu waliokuwa hawajawahi kusikia lugha yao ikitoka kwenye kinanda cha santuri. Kitabu kizima kinahusu sauti, na Shaaban Robert alikiandika kwa Kiswahili chenye mizani ambayo mdomo unaifurahia. Kisomwe na mwanamke wa Unguja, mtu mzima, asiye na haraka. Na baina ya sura na sura, badala ya kinanda cha kompyuta, wenye haki wakikubali, iwekwe Siti mwenyewe akiimba, na mikwaruzo yote ya santuri isisafishwe.

Hiyo ingesikilizwa saluni. Ingesikilizwa kwenye kirikuu na kwenye baraza za mafundi. Najua, kwa sababu nilimwekea fundi wangu wa cherehani kipande cha taarabu ile ya zamani, naye akauliza mara moja, "Huyu nani, na mambo yake yako wapi?" Nikamwambia yako kwenye kitabu. Akasema kitabu hana muda nacho, ila kama kuna mtu anayasimulia, ampe.

Muda wangu umekwisha, mtangazaji mwenzangu ameshakaa tayari na taarifa ya habari. Nawe uliyesikiliza kitabu chochote karibuni, kiwe cha Kiswahili au cha lugha nyingine, cha dini au cha mapenzi, tutumie ujumbe. Tuambie jina la kitabu, jina la mwandishi, na jina la aliyekusomea. Hilo la mwisho usilisahau. Alhamisi ijayo nitaanza nalo.